Serikali ikichukua kampuni inayodaiwa, ombi la ufilisi linakuwaje?

Tuseme unalima zabibu Hombolo, Dodoma. Msimu uliopita ulikipelekea kiwanda mzigo wa milioni 12, hadi leo hujaona hata shilingi. Wewe na wadai wenzako mmefungua ombi Mahakama Kuu kampuni ifilisiwe, yaani ifungwe na mali yake igawiwe wadai. Kabla halijasikilizwa, redio inatangaza kuwa Serikali imekichukua kiwanda. Kijiweni watakwambia deni limekufa. Si kweli, na inauma kuona mkulima akikata tamaa kwa neno hilo. Ulizeni kwanza: Serikali imechukua nini?

Ikichukua hisa, amebadilika mwenye kampuni tu. Kampuni ni mtu kisheria, na iliyokopa zabibu zako ni hiyohiyo. Ombi linaendelea, isipokuwa sheria mahususi iseme vingine. Ila anayefungua shauri jipya dhidi ya taasisi ya umma, tangu marekebisho ya 2020, hutoa kwanza notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Ikichukua mali, yaani mitambo, majengo na ardhi, kampuni inabaki ganda. Hapa ndipo wadai wengi wanapoondoa ombi lao wakidhani hakuna cha kugawana, na ni kosa kubwa. Ibara ya 24 ya Katiba inakataza mtu kunyang'anywa mali, hata kwa kutaifishwa, bila sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Mwenye mali alikuwa kampuni, kwa hiyo fidia ni ya kampuni, si ya wanahisa. Mfilisi, yaani anayeteuliwa kusimamia ufilisi, akiwepo, ndiye anayeidai na kuigawa: gharama za ufilisi, madai yenye kipaumbele kama mishahara, kisha wadai wa kawaida kama wewe. Wanahisa huja mwisho. Mwenye rehani juu ya kiwanda ana njia yake mbele yenu. Mkiondoa ombi, nani atasimamia fidia hiyo isiishie kwa wanahisa?

Wakati mwingine sheria ya kutaifisha huhamisha na madeni. Baada ya Azimio la Arusha, sheria iliyoanzisha Benki ya Taifa ya Biashara mwaka 1967 ilitaja mali na madeni kwenye jina lake lenyewe. Hapo mdai anamfuata mrithi, yaani chombo kilichopokea madeni hayo. Ndiyo maana tangazo la redio halitoshi. Tafuteni Gazeti la Serikali msome kifungu cha madeni.

Kuna pia kuchukua uendeshaji tu. Agosti 2018 Benki Kuu iliiweka Bank M chini ya usimamizi wake, huduma zikasimama kwa muda usiozidi siku 90, na Januari 2019 mali na madeni yakahamishiwa Azania Bank. Kwa mashirika ya umma yaliyowekwa chini ya Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, miaka ya 1990, mdai alihitaji kibali cha Mahakama Kuu kabla ya kushtaki. Katika hali hizi haki yako ipo, umefungwa mkono kwa muda.

Kwa vyovyote vile, tunza stakabadhi za mzani na mkataba wako, na uandikishe deni kwa mfilisi au msimamizi mapema. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, nayo huhesabiwa tangu siku ulipostahili kulipwa, si tangu siku Serikali ilipoingia.