Usikimbilie mota kubwa, hesabu kwanza meno ya gia

Juzi kuna dogo kaniletea gari lake la rimoti, shikamoo kaka, marahaba, mota imeungua. Ya pili hiyo ndani ya miezi miwili. Nikainusa tu nikajua, ile harufu ya vanishi ya koili ikishaungua huwezi kuichanganya na kitu kingine. Anataka nimuagizie kubwa zaidi, nikamwambia ngoja mdogo wangu, hebu tufungue kwenye gia kwanza.

Mi kazi yangu ni fundi simu hapa Tabora ila jumapili jioni ni magari haya, yale ya kushindana, saizi ya moja kwa kumi ya gari halisi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni mota gani ina spidi. Wadau, kwa mchanga wetu huu hilo swali linakuja mwisho. Kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua za Novemba kiwanja chetu pale chini ya miembe kinakuwa unga mtupu, tairi linazama, na hapo ndo mota zinapofia.

Sa sikilizeni vizuri. Gari la dogo gia kubwa ina meno 86, ile ndogo inayokaa kwenye mota ilikuja na meno 19 yeye akaweka 23 coz kaona video ya watu wanakimbiza kwenye lami. Gawanya 86 kwa 23 unapata kama 3.7, yaani mota inazunguka mara 3.7 tu kuzungusha gia kubwa mara moja, ukiweka 16 inakuwa 5.4, gari linapoteza spidi ya juu lakini linapata nguvu. Kwenye mchanga ukiwa na gia ndefu, yaani ile ndogo ikiwa na meno mengi, mota inalemewa, ikilemewa inazunguka polepole, na mota ya umeme ikizunguka polepole huku umebana triga mpaka mwisho ndo inavuta umeme mwingi kuliko muda wowote. Afu joto halipandi sawa na umeme, ampea zikiwa mara mbili joto la kwenye koili linakuwa mara nne! Ndo maana unaona gari linaenda taratibu na bado linaungua, watu wanashangaa, wakati ni hesabu tu.

Kipimo changu ni kidole. Dakika 5 za mbio zikiisha shika kopo la mota, ukishindwa kuacha kidole sekunde tatu punguza jino moja kwenye gia ndogo, rudi kiwanjani, shika tena. Na ukibadilisha gia usizikadirie kwa macho, weka kipande cha karatasi ya daftari katikati ya gia mbili, sukuma mota ikutane nayo, kaza skrubu, afu zungusha gia karatasi itoke. Ikitoka na mikunjo bila kuchanika uko sawa.

Kingine kinachoniuma sana ni watu kupaka grisi gia zilizo wazi. Mchanga ukinasa kwenye grisi umeshatengeneza msasa, wiki mbili meno yote yamekuwa kama sindano. Ziache kavu, piga brashi ya mswaki baada ya mbio. Beringi ndo zinataka oili, tone moja, baada ya kuziosha. Vumbi lenyewe mi nalizuia na soksi laini za kina mama, navalisha chasisi juu, hewa inapita mchanga haupiti.

Betri nazo, hizi za lipo (lithiamu polima) za seli mbili, zikijaa ni volti 8.4 na usiruhusu seli ishuke chini ya 3.3, ukiona gari linalegea simama hata kama unaongoza. Usiiache imejaa wiki nzima ndani ya chumba cha bati mwezi wa kumi, itavimba, ishushe mpaka 3.8 kwa kila seli ndo uihifadhi. Iliyovimba haichajiwi tena, haina mjadala, moto wake ni mkali na maji sio dawa ya kuaminika. Mi nachajia nje kwenye ndoo ya mchanga na sitoki pale.

Kuhusu kuruka nitaandika siku nyingine ila kwa kifupi: gari likiwa hewani ukibana triga pua inapanda, ukishika breki pua inashuka, inatokana na mzunguko wa matairi wenyewe. Jaribuni kwenye kituta kidogo.

Basi dogo nikamuazima mota yangu ya kawaida kabisa, tukafunga meno 16. Jumapili kwenye sehemu iliyonyooka wenzake walimwacha kweli, lakini ile kona ya mchanga mwingi karibu na muembe wa pili akawa anawachukua mmoja mmoja, wao matairi yanachimba yeye anapita. Mbio zilipoisha akanikimbilia, akaniwekea gari mkononi nishike mota. Nikahesabu mpaka sita kidole kiko palepale. Sasa hivi anauliza habari za springi.