Superkondakta za "joto la juu" ni za baridi kali

Hapa Tanga nimewasikia wanafunzi wa fizikia wakisema superkondakta za joto la juu (vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani wowote) zingefaa jua letu la Februari. Hapana, jamani! Ile maarufu ya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni hupoteza ukinzani wa umeme inapopozwa hadi nyuzi -180 hivi. Joto hilo ni "la juu" kwa sababu tu za zamani zilitaka baridi ya kutisha zaidi.

Wengine hudhani sumaku kali huisaidia superkondakta. La, huidhoofisha, na hapo ndipo utamu ulipo. Mwaka 2007, mjini Toulouse, Ufaransa, watafiti waliizima hali hiyo ya kukosa ukinzani kwa uga wa sumaku uliofika tesla 62 (tesla ni kipimo cha ukali wa uga wa sumaku), wa sehemu ndogo ya sekunde. Uga ulipobadilika, ukinzani ukapanda na kushuka kama mawimbi, ukifichua elektroni zilizojipanga katika vifuko vidogo, si vya mahali bali vya momenta, yaani mwendo wake.