Volti, ampea, omu na wati: dhana zinazounguza koili na soketi

Koili ya jiko la umeme ikikatika, wengi hutupa kipande kilichoungua, huvuta koili iliyobaki na kuisokota upya. Kisha hujipa moyo kwamba, kwa kuwa koili sasa ni fupi, jiko litakula umeme kidogo. Sivyo. Litakula zaidi.

Tufanye hesabu kwa volti 230, kiwango cha majumbani Tanzania (Kenya ni 240). Jiko la wati 1,000 huvuta mkondo wa wati 1,000 ÷ volti 230, yaani ampea 4.35. Ukinzani wake, yaani jinsi koili inavyouzuia mkondo, hupimwa kwa omu, nao ni volti kugawanya kwa ampea: 230 ÷ 4.35, takriban omu 52.9. Ukipunguza sehemu moja ya kumi ya koili, ukinzani hushuka hadi omu 47.6. Mkondo hupanda hadi ampea 4.83, na jiko sasa ni la wati 1,111 hivi. Ubaya ni kwamba joto hilo lililoongezeka linabebwa na waya uliopungua: kila sentimita ya koili inatoa joto zaidi ya awali kwa asilimia 23 hivi. Ndiyo maana koili iliyofupishwa haichelewi kukatika tena.

Dhana: ukinzani ukiwa mkubwa, joto nalo huwa kubwa

Hapa ndipo wanafunzi hukwama, na hata mafundi hubishana, kwa sababu kanuni zenyewe zinaonekana kugombana. Wati ni volti mara ampea. Kutokana na hiyo tunapata njia mbili: volti mara volti kugawanya kwa omu, au ampea mara ampea mara omu. Ya kwanza inasema ukinzani ukiongezeka, wati hupungua. Ya pili inasema huongezeka. Zote mbili ni sahihi. Swali la kujiuliza kabla ya kuchagua ni hili: katika saketi hii, ni kipi kisichobadilika?

Kifaa kikichomekwa peke yake kwenye soketi, kisichobadilika ni volti. Basi tumia ya kwanza: hita ya wati 2,000 ina omu 26.45 tu, ilhali balbu ya kizamani ya wati 60 ina omu 882 ikiwa inawaka. Yenye ukinzani mdogo ndiyo yenye joto kubwa.

Sasa chukua ekstensheni ambayo skrubu ya waya wake imelegea ndani ya plagi. Pale palipolegea pana ukinzani, tuseme nusu omu, na mkondo unaopita hapo unaamuliwa karibu wote na hita iliyo mbele: ampea 8.53. Kwa kuwa mkondo ndio uliokaribia kutobadilika, tunatumia njia ya pili: 8.53 × 8.53 × 0.5, takriban wati 36. Hita haitaonyesha dalili yoyote, maana imepoteza volti 4 tu na kidogo. Lakini wati 36 zikikusanyika kwenye nukta ndogo ni joto la chuma cha kuyeyushia risasi anachotumia fundi redio, nalo liko ndani ya plastiki. Fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi haiwezi kukuokoa, kwa sababu mkondo haujazidi. Plagi ikiwa ya moto mkononi, zima, chomoa, kaza skrubu au badilisha plagi yenyewe. Usingoje harufu.

Dhana: volti zikishuka, wati hushuka kwa kiasi kilekile, na hela inaokolewa

Jioni umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, mtu hudhani hita yake ya 2,000 imebaki na wati 1,565. Imebaki na 1,225 hivi, kwa sababu volti zinapopungua, mkondo nao hupungua, na hasara inaingia mara mbili. Akiba haipo: maji yanahitaji nishati ileile kuchemka, yatachukua muda mrefu tu, huku joto likiendelea kupotea pembeni.

Dhana: multimita (kifaa cha kupimia umeme) ikisoma omu za balbu, hesabu imekwisha

Chomoa ile balbu ya wati 60, ipime ikiwa baridi, na utapata omu chini ya mia moja badala ya 882. Multimita haijaharibika. Georg Simon Ohm, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827, alizungumzia waya ambao joto lake halibadiliki. Uzi wa balbu hupita nyuzi 2,000 za selsiasi, na ukinzani wake hupanda mara kumi au zaidi. Koili ya jiko hubadilika kidogo sana, kwa hiyo huko kipimo cha baridi kinatosha.

Dhana: chaja ya ampea 3 itaisukumia simu ampea 3

Simu huchukua mkondo inaouhitaji. Ampea za chaja ni kikomo chake tu. Kinachopaswa kulingana ni volti.

Dhana: volti mara ampea ni wati kwa kifaa chochote

Kwa pasi, hita na koili, ndiyo. Kwa friji au pampu yenye mota, mkondo na volti havipandi na kushuka pamoja. Mota inayovuta ampea 1 kwenye volti 230, ikiwa pawa fakta yake (sehemu ya volti mara ampea ambayo kweli ni wati) ni 0.7, hutumia wati 161, si 230. Mita ya nyumbani huhesabu hizo 161: mota ikizunguka saa nzima, zimekwenda yuniti 0.161.