Replikanti wa sita sio Deckard, acheni

Jana tena. Niko zangu na taimulaini ya watu, meseji inaingia kwenye grupu: kaka we si unaediti, kumbe hujui kwenye Blade Runner Deckard ndo yule replikanti wa sita? Najua bwana, nimeambiwa mara nyingi kuliko nilivyoambiwa nipunguze mziki.

Replikanti ni watu wa kutengenezwa, na Deckard ndo anayewawinda waliotoroka. Hesabu yao ndo hii. Kwenye filamu yenyewe ya 1982 bosi wa polisi, Bryant, anasema wametoroka sita, mmoja kaungua na umeme wakijaribu kuingia kwa Tyrell, mwenye kampuni inayowatengeneza. Wanabaki watano, ila tunaonyeshwa wanne tu: Roy, Pris, Zhora na Leon. Chenji haijatimia, basi mwenye duka ndo mwizi, yani anayekosekana ni Deckard mwenyewe.

Jamani, kwenye skripti huyo anayekosekana alikuwepo, anaitwa Mary, na muigizaji walishampata, Stacey Nelkin, baadae nafasi yake ikafutwa. Mhusika katoka, namba ikabaki mdomoni kwa Bryant. Mimi mwenyewe nishawahi kumkata shangazi mzima kwenye tamthilia sababu sauti yake ilirekodiwa vibaya, halafu episodi ya tatu mtu anasema "msalimie shangazi" na hatukushtuka mpaka imeshaenda hewani. Ukikata picha unaiona imetoka, maneno ndo yanajificha.

Sasa kinachonikera zaidi ni hiki, 2007 mwongozaji wake Ridley Scott anatoa toleo jipya, Final Cut, Bryant anasema wawili ndo waliungua. Scott huyuhuyu anayesema waziwazi Deckard ni replikanti! Yani mwenye kuitaka hiyo nadharia kuliko nyie wote ndo kaufuta ushahidi wenu. Alikuwa anafagia makosa, toleo hilohilo sura ya Joanna Cassidy, aliyeigiza Zhora, ikabandikwa juu ya yule dada aliyemchezea pale pa kuvunja vioo, na kwa muuza nyoka, ambapo maneno yalikuwa hayaendani na midomo, wakarekodi mdomo wa Ben, mtoto wa Harrison Ford aliyeigiza Deckard, wakaupachika kwa baba yake.

Halafu Leon anamkong'ota Deckard barabarani bila kumtambua mwenzie aliyetoroka nae? Haya.

Sijasema ni binadamu lakini. Ndoto ya Deckard ya farasi wa pembe moja iliyoingia kwenye toleo la 1992, na polisi mwenzie Gaff kuacha farasi huyohuyo wa karatasi mlangoni, hizo hoja za maana, bishaneni nazo, Ford mwenyewe alikuwa akibisha. Mimi naogopa macho. Filamu nzima macho ya replikanti yanang'aa, hata ya bundi wa kutengenezwa wa Tyrell, na kuna sehemu nyumbani kwa Deckard, Rachael, ambaye nae ni replikanti, yuko mbele, Deckard kasimama nyuma nje ya fokasi, na yake yanang'aa. Nimerudisha fremu kwa fremu. Kama ni taa tu ilimpata vibaya mimi ningeikata, ila wao 1982 hawakukata, 1992 hawakukata, 2007 na kufagia kote kule wakaiacha, na hapo ndo naishiwa maneno.