Si kila kiuno kinachouma ni figo

Kijana mbeba mizigo wa Kariakoo aliingia kliniki kwetu akijikongoja, mkono kiunoni. Mfukoni alikuwa na diclofenac, dawa ya kutuliza maumivu, na dawa ya UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) aliyonunua bila kupimwa. "Daktari, ni figo hizi." Tukapima mkojo, ulikuwa safi. Nikamwomba anioneshe anavyoinua gunia. Akainama magoti yamenyooka, akageuka kwa kiuno huku mikono iko mbele, mbali na kifua.

Maumivu mengi ya mgongo wa chini hutoka kwenye misuli, kano na maungio ya pingili, ile mifupa ya uti wa mgongo. Huzidi ukiinama au ukikaa muda mrefu. Ya figo mara nyingi hukaa ubavuni chini ya mbavu, hayajali umegeukia wapi, na huweza kuja na homa au mkojo wenye damu. Kwa kuwa kuinama na kukaa sana ndiko kunakoumiza mgongo, tunawapokea sana madereva wa daladala, mafundi cherehani na akina mama wanaochota maji. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Kadiri unavyoiinua mbali na mwili ndivyo kiuno kinavyolemewa. Chuchumaa, ikumbatie, kisha inuka kwa nguvu ya miguu.

Wakati mwingine diski, ule mto ulio kati ya pingili mbili, huchomoza na kubana mshipa wa fahamu. Hapo maumivu hushuka kalioni hadi mguuni, pamoja na ganzi.

Linaloniumiza ni watu kulala kitandani wiki nzima. Misuli hulegea, na kwa anayeishi kwa kibarua cha siku, nyumbani hakuliki. Endelea kutembea kidogo kidogo. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6. Yule kijana hakuhitaji hata eksirei. Diclofenac ya kila siku, kwa upande wake, huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo zilezile alizodhani anazitibu.

Lakini mgongo unaouma hata umelala, ukiambatana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, kapime kifua kikuu. TB hushambulia pingili pia, na matibabu yake ni bure. Ukishindwa kuzuia haja, ukipata ganzi sehemu za siri au miguu ikiisha nguvu, usingoje kupambazuke: nenda hospitali usiku huohuo.