MS: Msimlaze Mgonjwa, Mpangieni Siku Yake

Tarehe 30 Mei ni Siku ya MS Duniani, ugonjwa wa neva, yaani mishipa ya fahamu, na majuma yanayoizunguka hutuletea kliniki ya fiziotherapia wagonjwa walioandamana na jamaa wawili watatu na bahasha za picha za MRI, zile za kuonyesha ndani ya mwili. Safari hii wamekuja na malalamiko mawili. La kwanza, eti mazoezi yanammaliza mgonjwa nguvu. La pili, kwamba jopo la tathmini ya ulemavu lilimtilia mtu shaka kwa kuwa aliingia chumbani akitembea. Yote mawili yanatokana na kutoelewa jambo moja: nguvu za mtu mwenye MS hupanda na kushuka ndani ya siku ileile.

MS, yaani maltipo sklerosisi, hutokea pale kinga ya mwili inaposhambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Hauambukizi. Si kiharusi, wala si jini, na naomba kwa dhati tuache kuwazungusha watu kwa waganga miezi sita huku macho yanafifia. Wengi hugunduliwa wakiwa na umri wa miaka 20 hadi 40, na wanawake huupata mara mbili au tatu zaidi ya wanaume. Dawa za kupunguza mashambulizi zipo, na mazungumzo hayo ni yako na daktari wa neva. Mimi nitasema ya viungo na ya nyumbani.

Sisi wa Pwani tuna adui wa ziada, nalo ni joto. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika habari za wagonjwa ambao uoni wao ulififia kila walipofanya kazi ya kuchosha. Baadaye ikajulikana kwamba kiini chake ni joto la mwili. Likipanda hata nusu digrii, neva iliyopoteza utando hupitisha ujumbe kwa shida. Mguu unakuwa mzito, ulimi unateleza, macho yanaingia ukungu. Mwili ukipoa, hali inarudi ilivyokuwa. Hakuna neva mpya iliyoharibika.

Familia zikiona hivyo mara moja tu, basi: mgonjwa hupigwa marufuku kunyanyuka. Wamlishe, wamwogeshe, hata kanga asijifunge mwenyewe. Nawaelewa, ni mapenzi. Lakini miguu isiyotumika hudhoofika kwa kukaa tu, misuli hukakamaa, na baada ya miezi michache tunaletewa mtu aliyepoteza uwezo ambao ugonjwa haukuwa umemwondolea. Zamani hata madaktari walikuwa wakiwaambia wenye MS wasifanye mazoezi. Ushauri huo uliachwa tangu utafiti wa miaka ya 1990 ulipoonyesha kwamba mazoezi yaliyopimwa yanaongeza nguvu na kupunguza uchovu.

Fundi cherehani mmoja alikuwa akija kwetu saa nane mchana, ameshuka matatu, mguu wa kulia unaburura. Tulibadilisha saa kwanza, kabla ya zoezi lolote. Akawa anafika saa mbili asubuhi. Nyumbani alisogeza cherehani dirishani. Vitambaa anakata baada ya sala ya alfajiri akiwa ameketi, anashona hadi saa nne, kisha analala jua likiwa kali, na kazi ya mkono anaimalizia baada ya alasiri. Kwenye kiti ana kanga iliyoloweshwa maji na kukamuliwa, anaiweka shingoni kila mwili ukianza kupata moto. Nguo anazoshona kwa wiki zimepungua kidogo, ila hakuacha kazi.

Mambo madogo ndiyo yanayoangusha watu. Champali hazifai kwa mguu unaoburura. Vaa kiatu chenye mkanda wa nyuma. Fimbo hushikwa kwa mkono wa upande wenye nguvu, si upande wa mguu mbovu, na urefu wake uishie kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima. Mkono wenye ganzi haupimi joto la maji, kwa hiyo kabla ya kuoga tumia kiwiko cha mkono ulio mzima. Na tafadhali msipunguze maji ya kunywa kwa kuogopa kibofu. Mkojo ukikaa unaleta maambukizi, maambukizi yanaleta homa, na homa inamlaza mtu wiki nzima.

Dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, ikidumu zaidi ya saa 24 bila homa, nenda hospitali. Huenda ni shambulio jipya, na halipozwi kwa kanga mbichi.

Sasa tathmini. Hufanywa na jopo la wataalamu katika hospitali iliyoidhinishwa, ndipo mtu asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Njoo na kitambulisho, barua ya daktari wa neva na ripoti ya MRI. Picha pekee, bila ripoti, hazitoshi. Usajili haukuletei msamaha wa kodi. Huo unaombwa kando, kwa KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na ukikubaliwa unahusu shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya kila mwezi. Una muda wake na ni lazima uhuishwe. Tena, kusamehewa kodi si kusamehewa kuwasilisha ritani, ile taarifa ya mapato ya kila mwaka! Hili nalirudia kila mwaka. Tarehe ya mwisho ni 30 Juni, na mtu binafsi akichelewa faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa. Na msitie chumvi kwenye fomu. Taarifa za uongo zinaweza kukufikisha mahakamani, na zinawatia shaka wote watakaokuja baada yako.

Huna haja ya kutia chumvi. Jopo likikuona saa tatu asubuhi umepumzika, litaona mtu anayetembea, na litaandika linachokiona. Kwa hiyo wiki mbili kabla, weka daftari. Andika kila siku ulitembea kutoka wapi hadi wapi kabla ya kuketi, saa ngapi, mara ngapi ulijikwaa, na baada ya kufua au kupika ulilala muda gani. Msaidizi wako aandike pia anayoyaona. Daftari hilo lije pamoja na barua ya daktari, nawe uje na viatu unavyovaa nyumbani kila siku, si vile vya arusini. Soli iliyolika ncha upande mmoja hutuonyesha jinsi unavyotembea jioni.