Mtandao wa nyumbani usiotumia waya ni nini?

Alama ya Wi-Fi kwenye simu imejaa, lakini picha hazifunguki, na chini ya jina la mtandao pameandikwa "Imeunganishwa, hakuna intaneti". Wengi hapo huanza kuizima na kuiwasha simu, ilhali simu haina kosa. Wi-Fi ni kitu kimoja, intaneti ni kingine. Ukishavitenganisha hivyo viwili, mengi yanayosumbua watu wanapofunga mtandao nyumbani yanajieleza yenyewe.

Mtandao wa nyumbani usiotumia waya ni mawasiliano ya redio kati ya vifaa vyako na kifaa kimoja kiitwacho ruta. Ruta hukipa kila kifaa anwani yake ya humo ndani, mfano 192.168.1.5, kisha hupokea data kutoka kwa kimoja na kuifikisha kwa kingine. Kwa hiyo hata bando likiisha, kompyuta ya sebuleni bado inaweza kutuma waraka kwenye printa iliyo chumbani. Mabomba ya nyumba hayang'oki siku maji yakikatika. Intaneti yenyewe huletwa na kampuni unayoilipa, iwe kwa faiba, kwa waya wa simu au kwa laini inayochomekwa ndani ya ruta. Kifaa kinachoipokea huitwa modemu, na siku hizi mara nyingi modemu na ruta hukaa kwenye boksi moja. Nadhani mkanganyiko mwingi unatokea hapo.

Simu ya kampuni moja huelewana na ruta ya kampuni nyingine kwa sababu zote hufuata kiwango cha 802.11, yaani kanuni za pamoja za Wi-Fi, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1997.

Sasa masafa, yaani marudio ya mawimbi ya redio, si umbali. Ruta nyingi hurusha mawimbi kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, na pengine utaona majina mawili ya mtandao, moja likiishia na "5G". Hiyo 5G haihusiani kabisa na 5G ya minara ya simu. Ni gigahezi 5 tu. Masafa ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, ila yana msongamano: ndani yake chaneli (njia ndogo za mawimbi) tatu tu, yaani 1, 6 na 11, ndizo hupangwa bila kuingiliana, na ruta za majirani zote zinazigombania. Oveni ya maikrowevu nayo hutumia masafa hayohayo, ndiyo maana video inaweza kukwama chakula kikipashwa moto. Masafa ya 5 yana kasi kubwa na nafasi ya kutosha, lakini kuta mbili za zege zinatosha kuyadhoofisha. Aliye karibu na ruta atumie 5, aliye mbali atumie 2.4. Na ukinunua balbu au kamera ya Wi-Fi isiyouona mtandao wako, angalia kwanza kama simu unayotumia kukifunga kifaa hicho haipo kwenye 5, kwani vifaa vingi vya aina hiyo huelewa 2.4 peke yake.

Ruta ikae katikati ya nyumba, mahali pa juu na pa wazi. Kuifungia ndani ya kabati la chuma au kuibana nyuma ya televisheni ni kujitafutia tabu, kwa kuwa chuma, vioo vya kujitazamia na maji huzuia mawimbi.

Geuza ruta uone kibandiko chake. Mara nyingi kina nywila mbili, na watu hubadilisha moja tu. Ya kwanza ni ya kuunganisha simu na Wi-Fi. Ya pili ni ya kuingilia mipangilio ya ruta yenyewe, ambayo hufunguka ukiandika kwenye kivinjari anwani iliyo kwenye kibandiko hichohicho, aghalabu 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukiiacha hii ya pili ikiwa "admin", yeyote aliyeunganishwa anaweza kuingia na kubadilisha atakacho. Humohumo chagua ulinzi wa WPA3, au WPA2 kama vifaa vyako ni vya zamani. WEP, ulinzi wa kale kuliko hizo, usiiguse, udhaifu wake umejulikana tangu 2001. Kuficha jina la mtandao hakuongezi ulinzi wa maana, kwani programu za bure hulinasa.

Ruta ikiwa na mtandao wa wageni, uwashe. Mgeni atapata intaneti bila kuifikia kompyuta yako wala printa, na zile balbu na kamera za bei rahisi nazo zinafaa kukaa hukohuko.